Sanduku la kikundi limeibiwa nyumbani kwangu, na kila mtu ana mwizi wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshono, Arusha. Mume wangu ni dereva wa watalii. Akiingia porini anakaa siku 6, mara nyingine 10, na kuna maeneo ya Serengeti simu haishiki kabisa. Nyumba tumeijenga kidogo kidogo kwa miaka 7. Tulihamia haina dari, na mpaka leo uzio wetu ni michongoma na geti la bati. Naishi na wanangu, binti wa kazi mwenye miaka 19 aliyetoka Singida, huu ni mwaka wake wa tatu kwangu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayelala chumba cha nje.

Mimi ndiye mtunza sanduku wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana. Tuko wanawake 27. Tunakutana kwangu kila Jumamosi jioni, uani, chini ya mparachichi. Funguo tatu za sanduku wanazo wenzangu watatu, sanduku lenyewe linakaa stoo kwangu, nyuma ya magunia ya mahindi. Mwaka wa nne huu haijawahi kupotea hata mia. Desemba huwa tunavunja kikundi, kila mtu anabeba chake aende kwao Krismasi, kwa hiyo Novemba mikopo yote inarudishwa. Jumamosi ile tulihesabu shilingi 4,120,000 taslimu.

Jumanne usiku mvua ilinyesha kubwa. Mume wangu alikuwa porini. Saa 11 alfajiri nikasikia binti anapiga yowe jikoni. Nondo za dirisha zilikuwa zimepanuliwa kama upinde. Juu ya sinki palikuwa na alama ya mguu mtupu, matope mabichi, vidole vyote vitano vinaonekana, kando kabisa ya kikombe cha plastiki cha mwanangu. Kikombe hicho mpaka leo sijaweza kukishika. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, waliufungua kwa ndani, maana ufunguo tunauacha kwenye kitasa. Wamechukua sanduku, televisheni ya inchi 43 tuliyoinunua wiki mbili tu kabla, mtungi wa gesi, darubini ya kazini ya mume wangu, na simu ya binti iliyokuwa jikoni inachajiwa.

Shangazi, hatukusikia chochote. Tulilala kama wafu, na asubuhi kichwa kilinigonga. Majirani wanasema tulipuliziwa dawa. Mbwa naye hakubweka, alikuwa bandani. Nilikwenda polisi, nikapewa RB, ile namba ya taarifa, wakaja wakaangalia. Waliniuliza namba ya televisheni na risiti. Risiti ilikuwa ndani ya boksi, na boksi tulilitupa jalalani pale getini.

Sasa kinachoninyima usingizi si vitu. Mume wangu alipopata mtandao akanipigia akasema ni binti, nimfukuze siku hiyo hiyo na mshahara wake wa miezi miwili nisimpe, maana "aliyeona kwanza ndiye aliyefungua." Mama mkwe kapiga simu kutoka Kibosho, anataka kuja na mtaalamu wa kufunga nyumba na kumtaja mwizi. Na mimi moyo wangu uko kwa shemeji. Siku hizi anabeti sana, na usiku ule hakulala nyumbani, anasema mvua ilimkuta Sanawari kwa rafiki yake. Sijathubutu kumwambia mume wangu. Ni damu yake.

Jumamosi kikundi kinakutana. Wapo wanaosema nilipe mimi, na wapo wanaosema pembeni kwamba nimezila. Mume wangu naye anataka akope kwa hati ya kiwanja ajenge ukuta na kuweka nyaya za umeme. Hata wiki haijapita tangu nilipoweka picha yake ya Ngorongoro kwenye stetasi nikaandika "Baba wa watu mpaka Ijumaa, Mungu amrudishe salama," na sasa natamani asirudi kabla sijajua la kumwambia. Mwanangu wa miaka 6 kila usiku ananiuliza: mama, mwizi atarudi? Sijui nimjibu nini.

Mama wa Wawili, Moshono

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeusoma huo mstari wa kikombe nikasimama. Mtu akiingia nyumbani kwako umelala, hakuibi vitu peke yake. Anachukua na ule uhuru wa kunywa maji jikoni kwako bila kuangalia dirishani. Kikiwa bado kinakusumbua kikombe hicho, kitoe, mnunulie mtoto kingine. Hilo halihitaji kikao.

Unavyoniambia, umebebeshwa mambo manne kwa pamoja. Mumeo ana mwizi wake, mama mkwe anamtafuta wa kwake, wewe una wako moyoni, na kikundi kimekugeukia wewe mwenyewe. Nakuomba uyaweke chini yote kwanza, tuangalie kile ulichokiandika bila kukitilia maanani.

Umeandika kwamba Novemba mikopo yote inarudishwa. Mwizi wako amekuja wiki moja katika mwaka ambayo sanduku limejaa. Angekuja Agosti angekuta pesa ndogo na vitabu vya hisa. Kwa hiyo huenda huyu alijua kalenda ya kikundi, au aliambiwa na anayeijua. Binti anaijua, sawa. Shemeji anaijua. Lakini wanaijua pia wanawake 27, na waume zao, na watoto wao wakubwa, na bodaboda wanaowaleta, na yeyote anayepita nje ya uzio wa michongoma Jumamosi jioni na kuona sanduku linatolewa stoo na kurudishwa stoo. Wewe umehesabu watu wawili. Mimi nikianza kuhesabu, nafika 50 na bado niko mtaani kwako.

Halafu lipo boksi la televisheni. Boksi la inchi 43 likilazwa jalalani mbele ya geti, linamwambia kila mpita njia nini kimeingia na ukubwa wake. Ipo na stetasi: "mpaka Ijumaa." Ulikuwa unamwombea mumeo, najua, na hakuna mke wa dereva Arusha ambaye hajawahi kufanya hivyo. Ila namba zilizomo kwenye simu yako ni pamoja na fundi bomba, muuza maziwa, na watu wa kikundi cha harusi ya mwaka juzi. Wote walisoma siku ambayo Land Cruiser haitakuwepo. Picha mwekee akisharudi, ni ile ile na upendo ni ule ule.

Sikuambii haya ujilaumu. Nayasema kwa sababu taarifa za nyumba yako zilikuwa zimetoka nje kwa njia nyingi, na mumeo anataka njia zote hizo ziwe binti mmoja.

Kuhusu dawa ya kupulizwa, najua nitawaudhi wengi, maana kila mtaa una simulizi yake. Fikiria mgonjwa wa upasuaji pale hospitali ya KCMC: anayemlaza hakai mbali naye hata dakika moja, anampimia dawa na kumwangalia pumzi, kwa sababu ikizidi kidogo mtu hafumbui macho tena. Chuo cha madaktari wa usingizi cha Uingereza kiliwahi kulitolea tamko suala hili huko kwao, kikasema haiwezekani kumpoteza mtu fahamu kwa kupuliza dawa kupitia dirishani bila yeye kujua. Wewe ulikuwa na watoto chumbani, nyumba haina dari iliyokamilika, hewa inapita, na wote mmeamka wazima. Mlikuwa na nini kingine? Mlikuwa na mvua kubwa juu ya bati. Chini ya bati mvua ikichanganya, hata mtu akikuita kwa jina sebuleni humsikii. Kichwa kugonga baada ya yowe la alfajiri na machozi, mbona ni kawaida. Na mbwa bandani kwenye mvua, mwanangu, naye alikuwa amejikunyata kama sisi. Naligusa hili kwa sababu anayeamini alipuliziwa dawa huona hakuna kitu angeweza kufanya, na huona lazima yupo mtu wa ndani aliyefungua njia. Yote mawili huenda si kweli.

Sasa binti. "Aliyeona kwanza ndiye aliyefungua," kasema mumeo. Nani huamka kwanza nyumbani kwako siku zote? Nani huenda jikoni kuwasha moto wa chai watoto waende shule? Angeona nani mwingine? Nondo zilipanuliwa kutoka nje, huenda kwa jeki ya gari, kazi ambayo mtu mwenye mwenyeji ndani hana haja nayo, angefunguliwa tu mlango. Na simu yake imekwenda pia. Inawezekana ni geresha, siwezi kuapa kwamba hahusiki, sikuwepo. Nakuuliza tu unacho nini mkononi zaidi ya kwamba yeye ni mgeni na ni maskini.

Kisheria nako angalia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 294, inampa anayevunja nyumba usiku kifungo cha hadi miaka 20. Ukimtaja mtu kwa kosa zito hivyo, polisi watamchukua, mtaa utasikia, na vijana wa mtaani hawangoji hakimu. Umeona mwenyewe watu wanavyokimbia neno "mwizi" likipigwa. Mshahara wa miezi miwili ni jasho lake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara bila kuonyesha kosa la mfanyakazi kwa maandishi na kumpa nafasi ya kujitetea. Ukitaka aondoke kwa sababu imani imekwisha, hiyo ni njia mojawapo, na hasara yake ni kwamba unabaki peke yako na watoto mumeo akiwa porini, na binti anarudi Singida na jina la wizi. Ukitaka abaki, hasara yake ni ugomvi na mumeo, na wewe kumwangalia kila anapoinama. Njia ya katikati ni kukaa naye kama mama, umpe mshahara wake, umwulize aliona nini, nani alikuwa anauliza habari za nyumba, nani alimzoea dukani. Wasichana wa kazi wanaulizwa mengi na watu wenye maneno matamu, na mara nyingi hujibu bila kujua wanachokitoa. Huenda ana kipande ambacho polisi hawana, na hawezi kukutolea akiwa anatetemeka.

Mama mkwe ni wa Kibosho, atanielewa hapa. Kwa Wachaga mtu aliyekosea huja na jani la isale kuomba msamaha, na likishaletwa ni vigumu kumkatalia. Mkishamtaja mtu asiye na hatia, mtapeleka isale kwa nani, na kwenye nyumba gani huko Singida? Usimvunjie heshima bibi wa wanao. Mwambie unahitaji aje akae nawe wiki mbili hizi, nyumba iwe na mtu mzima, mfanye na sala. Huenda hofu yake yote ni kwamba mwanawe yuko mbali na wajukuu wako wazi. Ila huyo mtaalamu wa kutaja majina sitamkaribisha kwa kalamu yangu. Kwa kawaida humtaja yule ambaye waliomwita tayari wanamhofu.

Shemeji ndiye mzigo wako mzito zaidi, nimeona ulivyomwandika kwa mistari michache. Kubeti si kuiba, lakini madeni ya kubeti yanaweza kumfikisha mtu pabaya, kwa hiyo sikwambii wasiwasi wako ni wa bure. Kinachonitatiza ni namna ulivyoshika jambo: mumeo anamtaja asiye ndugu yake, na wewe unamtaja asiye ndugu yako. Kila mmoja ameangalia upande ambao hautamuuma. Wazo hilo nimelikuta nikiwa nimesoma barua yako mara ya tatu, na nakuomba ulikalie kidogo.

Ukinyamaza, binti anabeba. Ukisema kwa simu yenye mtandao wa kukatika katika, mumeo anasikia "ndugu yako mwizi" na mengine hayasikii. Subiri arudi, ale, aoge. Mwambie yanayojulikana, usimwambie unachokihisi: kwamba mdogo wake hakulala nyumbani, kwamba alisema yuko Sanawari, kwamba hilo ni jambo dogo kulithibitisha kwa huyo rafiki. Rafiki akithibitisha, umempunguzia shemeji shaka ambayo ingemfuata kila sikukuu. Polisi nao waongezee taarifa kwenye RB ile ile: waliolala na wasiolala nyumbani, wanaojua sanduku, siku ya kurudisha mikopo. Hayo si kumshtaki mtu. Hatari ipo, wanaweza kumwita shemeji na ukoo ukakununia. Ndiyo maana nasema mumeo ajue kwanza, tena kutoka kwako.

Jumamosi usiende kikaoni mikono mitupu wala peke yako. Kabla ya siku hiyo waone mwenyekiti na wale watatu wa funguo, uso kwa uso, uwaonyeshe RB na uwapeleke wakaone nondo. Ombeni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo. Isomeni katiba ya kikundi, inasemaje hasara ikitokea? Kama imenyamaza, basi uamuzi wa kuweka milioni 4 nyuma ya magunia ya mahindi ulikuwa wa wanawake 27, na wewe ulikubali kuwa mlinzi wao bila malipo. Unaweza kuona haya na kutaka ulipe yote ili wanyamaze. Unaweza kukataa yote, na upoteze watu mlioshikana miaka 4. Unaweza kupendekeza hasara igawanywe kwa hisa, nawe uongeze kitu cha hiari. Sijui lipi litawafaa, nawaachia nyinyi mnaojuana. Ila usitie saini karatasi ya kukiri deni siku hiyo hiyo, watu wakiwa wamepandwa na hasira. Kalale nayo.

Na mkiendelea, sanduku lisilale kwa mtu likiwa na pesa. Kufuli tatu zinazuia mwanachama asichukue pesa. Mwizi anabeba sanduku zima. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kinaweza kufungua akaunti benki, na zipo huduma za vikundi kwenye simu, M-Koba ikiwa mojawapo, ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Makato yapo, na wazee wenu watalalamika. Wapigieni hesabu ya makato hayo mbele ya milioni 4.

Ukuta ninauogopa kidogo kwa sababu ya ile hati. Ukuta mrefu unamzuia mwizi nje, na akishaingia unamficha asionekane na jirani. Nyaya za umeme bila betri, TANESCO wakikata zinabaki waya tu. Sisemi msijenge. Nasema anzeni na palipovunjwa. Nondo nyembamba iliyochomelewa kwenye fremu, bila chuma bapa cha kuzishika katikati, jeki inaipanua bila hata kelele. Mwite fundi azipitishe nondo nene, ncha ziingie ukutani, na vyuma bapa vikatize. Ufunguo usilale kwenye kitasa. Utundike sehemu moja mbali na mlango na dirisha, ambayo wote wa ndani mnaifikia gizani, maana moto nao huja usiku. Taa moja ya sola yenye kihisi upande wa jikoni haigharimu kama ukuta, na umeme ukikatika bado inawaka. Michongoma yako usiikate, izibe tu mapengo. Majirani wanne wenye namba zenu na filimbi moja kila nyumba, pamoja na 112 kwenye simu ya kila mmoja, ni kitu cha kuanza wiki hii hii.

Vitu vipya vitakapoingia, piga picha namba ya nyuma kabla hujawasha, na risiti iweke mbali na boksi. Boksi likate vipande. Namba ya utambulisho wa simu yenyewe, IMEI, unaipata kwa kubonyeza *#06#, iandike daftarini. Kama binti anayo ya simu yake, kwenye lile boksi alilonunulia, ipelekeni polisi kesho, maana simu huwa inawashwa na mtu.

Sasa mwanao. Usimwambie mwizi hatarudi, kwa sababu hujui, na watoto wa miaka 6 wanaujua uongo wa mama kwa sauti. Leo jioni mpe tochi ya mkononi, mzunguke nyumba pamoja, yeye ndiye akumulikie. Aguse komeo la mlango wa mbele aseme limefungwa. Mwende la nyuma. Mwende dirisha la jikoni, hata kama fundi bado hajaja na mmeliziba kwa mbao, aigonge mbao kwa ngumi yake mwenyewe. Akikuuliza tena mkiwa mmelala, mwulize wewe: tulifunga mangapi?